Niliungama nusu, nusu nyingine imebaki kwenye daftari

Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ni Mkatoliki tangu utotoni, na jumuiya yetu husali kila Jumamosi asubuhi. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi, na nikishika kalamu mbele za watu mkono unatetemeka.

Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, tuko kina mama ishirini na wawili, na mimi ndiye mweka hazina. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne, mvua ilininyeshea dagaa wakiwa wameanikwa mchangani. Magunia manane yaliharibika, nikawauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Aliyenikopesha mtaji alikuwa ananipigia simu asubuhi na jioni. Siku hizohizo mwenzetu mmoja, ambaye meza yake na yangu zilikuwa zinagusana, alifiwa kwao Ukerewe. Alipita kwangu mbio akiwahi meli ya Nansio, akanipa mkononi rejesho lake la mwisho, laki tatu na themanini, akasema, "Utaniandikia Alhamisi, mimi sitakuwepo." Nikasema sawa.

Sikumwandikia. Siku ileile nilimlipa mdai wangu, nikijiambia nitaipata nyingine kabla ya kikao. Alhamisi ikafika sina kitu. Katibu aliposoma jina lake na kuuliza rejesho, nilinyamaza. Aliporudi msibani akasema alinipa mimi, watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Hajanipa kitu." Mwalimu, nilisema kwa sauti kavu mpaka nilijishangaa. Shahidi hakuwepo. Wakakata deni kwenye hisa zake, wakaongeza faini ya elfu arobaini, wakamwondoa kwenye kikundi. Siku anaondoka hakunitukana. Alisema tu, "Mungu alikuwepo pale." Sasa yuko mwalo mwingine, na huku kwetu mtu akichelewesha deni anaambiwa asije akawa kama fulani, na anayetajwa ni yeye.

Kwaresima iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilipanda daladala nikaenda parokia ya mbali ambako sijulikani, maana paroko wetu anaijua sauti yangu, tena dagaa ananunua kwangu. Niliungama kwamba nimechukua pesa ya mtu. Padre akaniuliza, "Umerudisha?" Nikasema nitarudisha. Akanipa malipizi na maondoleo. Lakini habari ya kumfanya mwenzangu mwongo mbele za watu sikuisema. Ilifika kooni ikarudi chini. Tangu hapo napokea komunyo, na kila nikipokea naona kama naiba tena.

Wifi yangu ni mlokole. Nilimgusia bila kumwambia yote, akasema, "Unajitesa bure na mapadre. Tubu kwa Yesu moja kwa moja, chumbani kwako, yaishe." Mume wangu hajui lolote. Desemba tunagawana, na mimi ndiye nitakayehesabu.

Naomba unisaidie. Nilisamehewa au sikusamehewa? Kwa nini nimwambie mtu, wakati Mungu anajua? Paroko akijua ataniangaliaje? Na kama Mungu amenisamehe, ni lazima kikundi nacho kijue? Daftari ni lilelile, hatujalimaliza. Mstari wake upo, jina, na mbele yake nafasi tupu.

Mama wa Mwaloni

*

Milele amina, mwanangu. Marahaba.

Mimi si padre. Nimekuwa katekista wa kigango kando ya ziwa hili kwa miaka mingi, nimefundisha watu kuungama, na foleni ya maungamo nimeipanga mwenyewe nikiwa na aibu zangu. Nitakayokuambia yapokee kama maneno ya mzazi, kisha ukayapeleke kwa padre, maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kukufungua.

Nianze hapo kooni, ndipo jambo lilipokwama. Watoto wa komunyo ya kwanza nilikuwa nawafundisha kutofautisha kusahau na kuficha. Dhambi uliyoisahau kweli imo ndani ya msamaha; ukiikumbuka baadaye utaitaja. Dhambi kubwa unayoikumbuka vizuri, ukaushika ulimi makusudi, inaharibu maungamo yote. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha hivyo mwaka 1551, ukikumbusha usemi wa Mtakatifu Yeronimo kwamba mgonjwa akiona haya kumwonyesha tabibu kidonda, dawa haiwezi kuponya isichokijua.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: maungamo yale hayakukamilika. Sisemi Mungu alikufungia mlango. Mama anayetoka Kirumba kwa daladala kwenda kutafuta pa kusema dhambi yake ameshavutwa na mkono wa Mungu. Ila ulimwonyesha tabibu mkwaruzo wa kidole ukaficha mguu uliovunjika. Maana kati ya hayo mawili, mwanangu, pesa ndiyo ndogo. Pesa uliichukua siku moja. Jina la mwenzio linachukuliwa kila mara mtu anapochelewesha deni na kuambiwa asiwe kama yeye.

Rudi kwa padre. Mwambie uliungama Kwaresima, ukaficha dhambi kubwa kwa kujua, ukapokea komunyo katika hali hiyo. Kisha sema yote mawili kwa majina yake, wizi na ushahidi wa uongo, amri ya saba na amri ya nane. Mpaka siku hiyo baki kwenye benchi wakati wa komunyo. Watakaokutazama watazame. Najua mabenchi yetu yanavyoona, na najua utaulizwa kwenye jumuiya. Sema unajiandaa kuungama. Ni kweli, na inatosha.

Sasa paroko. Hofu yako naielewa, mtu anayechagua dagaa kwenye meza yako huwezi kujifanya humjui. Lakini siri ya maungamo haitegemei ukarimu wa padre wala tabia yake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri hiyo haivunjiki. Padre anayeisaliti moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, na kuiondoa adhabu hiyo kuko mikononi mwa Kiti cha Kitume, yaani Roma kwa Papa. Kanuni inayofuata inamkataza hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna ya kumuumiza aliyeungama. Yaani hawezi kumnong'oneza mwenyekiti wenu. Hawezi kukuondoa kwenye kamati kwa sababu ya ulichomwambia pale. Hawezi hata kukusimamisha nje ya kanisa akuulize umefikia wapi, mpaka wewe mwenyewe umfungulie mazungumzo. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, uleule ulioagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka, uliamuru padre atakayefichua aliyoyasikia avuliwe huduma yake na afungiwe monasterini afanye kitubio maisha yake yote. Hivyo ndivyo Kanisa lilivyoilinda aibu ya mtu kama wewe, miaka mia nane iliyopita.

Hulazimiki kwenda kwake hata hivyo. Unaruhusiwa kuungama kwa padre yeyote mwenye idhini. Ukitaka kurudi kule mbali, rudi. Ombi langu ni moja, usichague umbali ili upate tena nafasi ya kusema nusu.

Wifi yako usimdharau. Anashika neno la Yohana: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Hilo ni Neno la Mungu, nasi tunaliamini. Sala yako ya chumbani haijapotea hata moja. Lakini katika Injili ya Yohana, sura ya 20, jioni ya siku ya ufufuko, Bwana anawavuvia mitume wake na kuwapa wao, watu wenye masikio na midomo, mamlaka ya kuondolea dhambi. Angeweza kuiacha kazi hiyo mbinguni. Yakobo naye anatuagiza tuungamiane sisi kwa sisi. Hata kwa walokole wazee wao hawakuishia chumbani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Bukoba ng'ambo ya ziwa letu, ulijulikana kwa watu kusimama mbele ya wenzao, kutaja dhambi zao, na kurudisha vitu walivyoiba. Walutheri nao wana sehemu ya maungamo na maondoleo katika Katekisimu Ndogo ya Martin Luther. Mwulize wifi yako kwa upole kuhusu wale waliokuwa wakirudisha. Huenda mkaelewana kuliko unavyodhani.

Tena sikiliza midomo yako mwenyewe Jumapili, mwanzo wa Misa. Tunamwungamia Mungu Mwenyezi, halafu tunasema, "nanyi ndugu zangu." Maneno haya tumeyazoea mpaka tunayapita kama tunavyopita mawe ya Bismarck pale ziwani Mwanza bila kuyatazama. Tunawaambia ndugu. Tunasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Pima shauri lako hapo. Kumlipa mdai kwa pesa ya mwenzio ni kitendo. Kunyamaza wakati katibu anauliza ni kutotimiza wajibu. "Hajanipa kitu" ni maneno. Na kujiambia utairudisha kabla ya kikao, hayo yalikuwa mawazo, ndiyo yaliyokufungulia mlango.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niichague barua hii. Unauliza kama Mungu akisamehe ni lazima kikundi kijue.

Neno tubu limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Anayerudi ana kitu cha kurudisha. Mtazame Zakayo. Yesu hakumpa masharti chini ya ule mkuyu, aliingia nyumbani kwake kwanza watu wakanung'unika. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo mwenyewe anasimama na kusema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Msamaha ulitangulia, na ulipoingia ukafungua sanduku la pesa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema jambo hilo kwa lugha ya kufundishia: maondoleo huiondoa dhambi, lakini hayatengenezi kila kilichoharibiwa na dhambi, hivyo mtu afanye awezavyo kurudisha kilichoibwa na kurejesha heshima ya aliyesingiziwa. Yote mawili yametajwa, mwanangu. Pesa inaweza kurudi kwa siri ndani ya bahasha, hata padre anaweza kukusaidia kuifikisha bila jina lako kutajwa. Jina la mtu haliingii kwenye bahasha. Lilichafuliwa mbele ya kina mama ishirini, litasafishwa mbele yao, na wa kulisafisha ni aliyelichafua, hata kama itamgharimu jina lake mwenyewe. Wala usifikiri padre atakupunguzia hili. Akikuuliza tena "Umerudisha?", atakuwa anauliza yote mawili.

Kuna mzee mvuvi wa kigango chetu, sasa ni marehemu. Alinijia usiku mmoja na nyavu nne begani. Aliyoyaungama sikuyajua wala sikumuuliza. Alisema tu, "Mwalimu, nisindikize." Tulitembea kando ya maji mpaka mwalo wa pili, tukafika mitumbwi ya dagaa haijarudi, taa zao bado zinaonekana kule ziwani. Mwenye nyavu alikuwa amechuchumaa anafungua injini. Mzee akaziweka chini. "Hizi ni zako. Nilizichukua mimi, ukamfukuza kijana wako ukidhani ni yeye." Yule bwana alifuta mikono, akazikagua nyavu tundu kwa tundu, kimya, nami nikitamani ardhi inimeze ingawa kosa halikuwa langu. Kisha akauliza, "Na kijana je?"

Hilo tu. Nyavu hakuzitazama tena. Tuliulizia habari za kijana yule karibu miezi miwili, tukasikia yuko Musoma anashona viatu. Mzee alikwenda peke yake, kwa nauli yake, na aliporudi hakunisimulia walichoambiana. Jumapili iliyofuata nilimwona amepanga mstari wa komunyo. Katika miaka yote niliyomfahamu, mzee yule alikuwa anabaki kwenye benchi.

Sasa yako. Mume wako asikie kutoka kwako, asije akasikia sokoni. Mwambie kabla ya mtu mwingine yeyote isipokuwa padre.

Kuhusu kiasi, kikundi kilijilipa kwenye hisa zake, kwa hiyo mdai wako ni yeye. Laki tatu na themanini, na faini ya elfu arobaini iliyotokana na uongo wako, jumla 420,000. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano. Hatubanwi na hesabu hiyo kama Waisraeli walivyobanwa, lakini ni kipimo kizuri cha mtu anayejuta: 84,000 juu, ifike 504,000. Bado kuna faida ya miaka mitatu aliyoikosa kwenye mgawanyo, hiyo muulize yeye. Kama hela yote huna, usingoje iwe kamili. Nenda na uliyonayo na siku za kumalizia, kwa maandishi.

Yeye ndiye wa kumwendea kwanza, kabla ya kikundi. Usimpigie simu wala usitume mtu. Nenda na mama mmoja mtu mzima wa jumuiya unayemwamini, muda ambao hana wateja. Usianze na mvua wala magunia manane wala mdai aliyekuwa anakusumbua. Hayo ni kweli, ila yakitangulia yatageuka kuwa utetezi. Usiseme "kama nilikukosea." Sema, "Ulinipa ile pesa. Nilisema hukunipa. Nilidanganya." Halafu nyamaza, uache aseme yeye. Anaweza kulia, kukufukuza, au kukaa kimya kuliko ulivyowahi kumwona. Msamaha usimdai. Mungu anakupa wake bure, wa mwenzio una bei aliyoilipa yeye miaka mitatu, atautoa akiwa tayari au asiutoe. Muulize anataka lisemwe vipi mbele ya kikundi, na kama anapenda awepo.

Kisha kikao, kabla ya mgawanyo wa Desemba. Naomba mkono wako usihesabu pesa hizo. Kabidhi sanduku kwanza, ndipo useme. Wanaweza kukuondoa kama walivyomwondoa yeye. Wanaweza kukupeleka serikali ya mtaa, hata polisi, na ni haki yao. Wateja wengine watahamia meza ya jirani. Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Nimekuona ukiandika kwamba kila ukipokea komunyo unaona unaiba tena, nami najua mtu anayeandika hivyo hawezi kuishi mwaka mwingine namna hiyo.

Ukishasema, mwombe katibu afungue ukurasa ule. Msiuchane, wala msianze daftari jipya. Kwenye ile nafasi tupu mbele ya jina lake andika 380,000, andika tarehe aliyokupa akiwahi meli, na pembeni andika jina lako kwamba ulipokea. Chini yake weka tarehe ya siku hiyo unayoandika, na kama amekuja, mpe kalamu naye atie sahihi.